Nondo wa Mitoo: Utambuzi na Makazi Yake

Mdudu mweupe mwenye madoadoa mekundu na meusi anapoonekana akiruka mchana katika shamba la mitoo, aghalabu huitwa kipepeo. Kosa hilo linaeleweka, maadamu wengi hudhani kuwa nondo ni mdudu wa usiku azungukaye taa. Hata hivyo, jua si kigezo. Papasi za kipepeo huishia kwa kirungu kidogo. Za mdudu huyu ni nyembamba kama uzi hadi nchani. Aidha, atuapo huyalaza mabawa yakaufunika mwili.

Wanasayansi humwita Utetheisa pulchella. Linnaeus ndiye aliyemweleza, mwaka 1758. Waingereza humtia katika kundi la nondo waliopewa jina la chui milia, ijapokuwa yeye hana mlia hata mmoja! Mswahili angemlinganisha na kanga, yule ndege, na pengine istilahi ingeanzia hapo badala ya kutafsiri milia isiyokuwapo. Mabawa yake yakitandazwa hufikia sentimita tatu hadi nne. Yale ya nyuma ni meupe, yenye ukingo mweusi usio sawa. Ugumu wa utambuzi unatokana na ndugu yake, U. pulchelloides, aliyetengwa na Hampson mwaka 1907, ambaye hupatikana Asia, Australia na baadhi ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Wawili hao hufanana mno hata mtaalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi vya dume.

Atakaye kuyajua makazi yake na autafute mmea kwanza. Nondo huyu hupenda mahali pa wazi penye jua, kama vile mbuga kavu, mashamba yaliyolazwa na kando ya njia, palipoota mimea ya jenasi ya Crotalaria, ambayo ni mitoo kwa Wakenya na marejea kwa Watanzania. Kiwavi wake ni mweusi, mwenye manyoya, mstari mweupe mgongoni na alama za rangi ya chungwa. Hula majani, kisha hutoboa maganda na kuzila mbegu. Sumu chungu aipatayo humo huihifadhi mwilini hadi awapo nondo kamili. Binamu yake wa Marekani, U. ornatrix, anaponaswa, kuna buibui ambaye huzikata nyuzi za utando wake mwenyewe na kumwachilia bila kumdhuru. Wekundu huo, basi, ni onyo, ndiyo maana mdudu huyu hathubutu tu kuruka mchana bali hata hajifichi. Kwa mkulima anayeweka mitoo ya mbegu, wa kutafutwa si nondo bali kiwavi, kwa kuwa hasara hutokea ndani ya ganda.