Aivi ya sumu: Jani linalowasha ughaibuni, na jamaa zake walioko Pwani

MKENYA anayejiandaa kwenda Marekani kusoma au kutafuta riziki huonywa na jamaa zake kuhusu mambo mengi: baridi kali, kodi ya nyumba isiyosubiri, na magari yanayopita upande wa kulia wa barabara. Ni nadra kumsikia yeyote akimwonya kuhusu jani. Ilhali jani hilo limejaa kando ya vijia vya vyuo, kwenye nyua za nyumba anazopanga na katika bustani anazolipwa kwa saa kuzifyeka. Mguso wake mmoja unaweza kumkosesha mtu usingizi kwa wiki mbili au tatu, tena katika nchi ambako kumwona daktari bila bima ni gharama kubwa.

Mmea huo huitwa poizoni aivi, yaani aivi ya sumu. Jina lake la kisayansi ni Toxicodendron radicans, na hauoti kiasili humu nchini. Hata hivyo, kuujua si kazi ya wasafiri pekee. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na mwembe, na pia mkorosho, ambao baadhi ya wakazi wa Pwani huuita mkanju au mbibo. Kinachomwasha mfyekaji nyasi wa Virginia ni ndugu wa kile kinachomchubua vidole mama anayebangua korosho kule Kilifi. Anayeelewa tabia ya kimoja atakuwa amejifunza kujikinga na chote.

Mafuta, wala si miiba

Wengi wetu tumewahi kuonja ukali wa upupu. Ganda la upupu limefunikwa na vinyweleo vinavyochoma ngozi, na mwathiriwa huanza kujikuna papo hapo. Aivi ya sumu haifanyi hivyo. Haina miiba wala vinyweleo vya kuwasha, na anayeishika hahisi lolote.

Silaha yake ni mafuta yaitwayo urushioli, ambayo yamo ndani ya majani, shina, mizizi na hata matunda yake. Jina hilo limetokana na neno la Kijapani, urushi, ambalo ni rangi ya kung'arisha inayogemwa kutoka kwa mti wa jamii hiyo hiyo. Jani likichubuka kidogo tu, mafuta hutoka na kunata kwenye chochote kilichopita: mkono, suruali, mpini wa jembe au manyoya ya mbwa.

Mafuta haya hayaunguzi ngozi kama asidi. Hupenya ndani yake katika muda wa dakika chache na kushikamana na protini za ngozi. Askari wa kinga ya mwili huziona protini hizo zilizobadilika kama adui aliyevamia, nao huanza kuzishambulia. Upele na malengelenge ni matokeo ya vita hivyo. Kwa lugha ya madaktari, huu ni mzio, na mzio wa aina hii hujitokeza kwa kuchelewa.

Kuchelewa huko ndiko kunakowahadaa wengi. Kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kukutana na mafuta hayo, mwasho huanza baada ya saa 12 hadi siku tatu hivi. Kwa anayeguswa mara ya kwanza, mwili huwa bado unajifunza kumtambua adui. Huenda asipate dalili yoyote, au upele ukatokea baada ya wiki moja hadi tatu, wakati ambapo amekwisha kusahau alikopita. Kwa hivyo, mgeni anayejigamba kwamba aliushika mmea huo asidhurike asijipe hakika kwamba atasalimika mara ya pili.

Jinsi ya kuutambua

Wazazi wa Marekani huwafunza watoto wao kanuni moja rahisi: uonapo vijani vitatu, kaa mbali. Mkulima wa Kenya ataielewa kanuni hiyo upesi, kwa maana jani la aivi ya sumu limegawanyika katika vijani vitatu mfano wa jani la kunde au maharagwe. Hata upupu wetu una vijani vitatu.

Lakini hesabu hiyo pekee haitoshi, kwani mimea mingi isiyo na madhara ina vijani vitatu. Tazama pia ishara hizi. Kijani cha katikati kina kikonyo kirefu kuliko vile viwili vya pembeni. Majani hupishana kwenye tawi, moja huku na jingine kule, wala hayaoti mawili mawili yakikabiliana. Shina halina miiba, na hiyo ndiyo tofauti yake na jamii za forosadi-mwitu zinazotambaa vichakani. Matunda yake ni madogo, ya rangi nyeupe iliyofifia.

Umbo la mmea hubadilika kulingana na mahali. Pengine hutanda chini kama nyasi, pengine husimama kama kichaka, na pengine hupanda juu ya miti mikubwa. Unapopanda mti, shina lake huota vijizizi vingi hata likafanana na kamba iliyoota nywele. Rangi nayo hufuata majira: majani machanga ya masika huwa na wekundu, ya kiangazi ni ya kijani kibichi, na ya majira ya kupukutika hugeuka manjano au mekundu ya kupendeza, yakawavutia wanaochuma majani ya mapambo. Wakati wa baridi kali majani huanguka yote, ila shina lililobaki uchi bado lina mafuta yale yale.

Mmea huu umeenea mashariki na katikati mwa Marekani hadi kusini mwa Kanada. Majimbo ya magharibi kama California yana nduguye, aitwaye poizoni oki, ambaye pia ana vijani vitatu vinavyofanana na majani ya mwaloni. Kwenye vinamasi kuna poizoni sumaki, ambaye jani lake moja lina vijani 7 hadi 13. Wote hao wana urushioli, na tiba yao ni moja.

Hakuna dalili kwamba mmea huu unapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa katika msitu wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, ulionyesha kwamba hewa ya kaboni-dioksidi inapoongezeka, aivi ya sumu hukua kwa kasi zaidi na mafuta yake huwa makali zaidi.

Dakika za kwanza

Ukitambua kwamba umeugusa, usingoje mwasho. Dakika 10 za kwanza zina thamani kuliko dawa zote utakazonunua baadaye. Osha mahali palipoguswa kwa sabuni na maji mengi ya baridi au ya vuguvugu, ukisugua taratibu kwa kitambaa laini na kusuuza mara kadhaa. Sabuni ya kuoshea vyombo hufaa kwa sababu imetengenezwa kuondoa mafuta. Safisha pia chini ya kucha, maana hapo ndipo mafuta hujificha na kusafirishwa hadi usoni. Hata kama saa nzima imepita, osha. Utakuwa umepunguza kiasi kilichobaki juu ya ngozi.

Kisha geukia vifaa. Urushioli inaweza kudumu juu ya kiatu au mpini wa panga kwa miezi mingi, hata miaka. Nguo zifuliwe peke yake kwa sabuni, zana zifutwe, na mbwa aogeshwe na mtu aliyevaa glavu. Glavu nyembamba za mpira hazitoshi, kwa kuwa mafuta hayo huzipenya. Glavu nzito za vinaili ni bora zaidi.

Onyo kubwa ni hili: usiuchome moto mmea huo. Mkenya aliyezoea kukusanya magugu na kuyatia kiberiti anaweza kujiponza vibaya. Moshi hubeba mafuta hayo hadi machoni, kooni na kwenye mapafu, na aliyeuvuta anaweza kuhitaji matibabu ya dharura. Kwa upande mwingine, mbuzi huula mmea huu bila kudhurika, na baadhi ya Waamerika huwatumia kusafisha mashamba yaliyovamiwa.

Mwasho ukishaanza

Upele wa aivi ya sumu aghalabu hujipanga kwa mistari, kufuata njia ambayo jani liliparuza ngozi. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Badala yake, ngozi huvimba na kuwa ya kahawia nzito au zambarau, kisha malengelenge hufuata. Alama nyeusi zinaweza kubaki kwa miezi kadhaa baada ya upele kupona, lakini hufifia.

Hakuna dawa ya kuukatiza mzio huu mara moja. Kinachofanywa ni kupunguza adha hadi mwili utulie wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu. Kitambaa safi kilichoroweshwa maji baridi, kikibandikwa kwa dakika 15 hadi 30 mara kadhaa kwa siku, huleta nafuu. Losheni ya kalamini hukausha malengelenge, na krimu hafifu ya haidrokotisoni husaidia upele usio mkali. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi vinaweza kumsaidia mgonjwa kulala, ingawa haviondoi upele wenyewe. Krimu za kupaka zenye dawa hizo za mzio ziepukwe, kwani zinaweza kuzusha mzio mwingine.

Yapo pia mambo ya kuepuka kabisa. Usipasue malengelenge, usisugue kwa chumvi, wala usipake dawa ya kung'arisha nguo. Krimu kali za steroidi zinazouzwa kiholela zisipakwe usoni wala sehemu za siri bila idhini ya daktari.

Watu wengi huamini kwamba maji yanayotoka kwenye malengelenge hueneza ugonjwa. Si kweli. Maji hayo hayana urushioli, na mgonjwa aliyekwisha kuoga hawezi kumwambukiza mwenzake. Upele ukionekana kuenea siku kwa siku, sababu huwa ni kwamba sehemu zilizopata mafuta kidogo huchelewa kutoa dalili, au kwamba mtu anaendelea kushika kiatu ambacho hakikuoshwa.

Jamaa walioko nyumbani

Tukirudi Pwani, ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake mna mafuta mazito meusi. Viungo vyake ni vya jamii moja na urushioli, na mbali na kuleta mzio, huweza pia kubabua ngozi moja kwa moja. Ndiyo maana wanaobangua korosho kwa mikono hubambuka vidole. Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa korosho ghafi nje ya nchi mwaka 2009, nia ilikuwa ubanguaji ufanyike hapa hapa. Lakini kazi hiyo inahitaji kinga: glavu, au angalau kupaka mikono mafuta ya nazi au jivu kabla ya kuanza, na kunawa kwa sabuni kila baada ya muda mfupi. Korosho zinapochomwa, watoto wasikaribie moshi, na asiwepo anayepasua ganda bichi kwa meno.

Kiini cha korosho iliyobanguliwa vizuri hakina mafuta hayo. Taabu huja ganda linapochanganyika nacho. Mwaka 1982, zaidi ya watu 50 katika jimbo la Pennsylvania walitokwa na upele wenye mwasho siku chache baada ya kula korosho zilizotoka Msumbiji. Uchunguzi ulibaini kwamba baadhi ya vipande vya maganda vilikuwa vimebaki ndani ya mifuko.

Kwa embe, madhara yamo kwenye utomvu unaochuruzika kikonyo kinapokatwa, na kwenye ganda. Mtoto anayemenya embe kwa meno anaweza kutokwa na vipele kuzunguka mdomo, na mzazi akadhani ni joto. Nyama ya tunda haina kosa. Embe lioshwe, limenywe kwa kisu, na mdomo unawishwe. Mkenya aliyewahi kupata mzio wa aivi ya sumu akiwa ughaibuni asishangae akirudi nyumbani na kukuta ganda la embe linamwasha midomo kuliko zamani.

Lini umwone daktari

Upele mdogo wa mkononi unaweza kutunzwa nyumbani. Nenda hospitalini iwapo umefika machoni, mdomoni au sehemu za siri, iwapo umefunika sehemu kubwa ya mwili, iwapo kuna usaha au homa, au iwapo wiki tatu zimepita bila nafuu. Daktari anaweza kukuandikia vidonge vya steroidi kwa wiki mbili hadi tatu. Vimalize jinsi ulivyoagizwa. Wanaoviacha baada ya siku nne au tano kwa kuwa wamepata nafuu mara nyingi huona upele ukirudi kwa kishindo.

Aliyevuta moshi wa mmea huo, au anayepumua kwa shida, asingoje hata saa moja. Vivyo hivyo kwa mtu anayevimba midomo na kubanwa kifua mara tu baada ya kula korosho. Huo ni mzio wa kiini chenyewe, ambao ni tofauti kabisa na upele tuliouzungumzia, na unaweza kuua kwa dakika chache.