Kiota Safi, Vifaranga Wazima

Mama wa Luvungi, je, kuku wako analalia mayai karibu na kitanda cha watoto? Mhamishe usiku, polepole. Mavi yake huleta kuhara, na utitiri wake huwasha watu.

Mpe kikapu katika kibanda kikavu chenye mlango. Tia majivu yaliyopoa chini, na juu yake majani makavu ya mpunga. Atalalia siku 21. Kila siku hutoka kidogo kula, kunywa na kwenda haja. Wakati huo tazama kiota: ondoa yai lililopasuka na majani machafu. Utitiri ukizidi, kuku hukimbia, na mayai yote hupotea.

Vifaranga wakiisha kutoka, choma majani. Kisha nawa mikono kwa sabuni, ndipo ushike chakula.