Kambi ya mazoezi ziwani: jihadhari na kichocho na homa ya mgunda

Je, timu yenu ya triathloni inapanga kutoka Pangani na kupiga kambi kando ya ziwa au bwawa? Mchezo huu wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo unataka maji ya wazi, na ziwa lililotulia humfaa anayejifunza kuliko bahari yenye mawimbi. Hata hivyo, maji yasiyo na chumvi yana magonjwa ambayo huwezi kuyapata ukiogelea baharini, na mawili kati yake huwapata zaidi watu wanaokaa majini kwa muda mrefu kama wewe.

Kichocho huingiaje mwilini?

Mtu mwenye kichocho anapokojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa na vimelea huingia kwenye konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya kingo za ziwa, bwawa au mto wa mwendo wa pole. Wiki chache baadaye konokono hutoa vimelea wapya kwa maelfu. Hawa hawahitaji umeze maji wala uwe na kidonda. Hupenya ngozi nzima, na dakika chache tu zinatosha. Ukanda wetu wa pwani unajulikana zaidi kwa kichocho cha mkojo, wakati Kanda ya Ziwa kuna zaidi kile cha tumbo.

Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, hasa kuelekea mchana. Ndiyo maana utasikia ushauri wa kuogelea alfajiri. Unapunguza hatari, hauiondoi, na alfajiri ndiyo saa ambayo viboko hurudi majini kutoka malishoni. Kuogelea mbali na majani ya ukingoni nako kunasaidia kiasi, ila vimelea husukumwa na maji, na ni lazima upite ukingoni kuingia na kutoka. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea.

Mkojo mwekundu: ni mazoezi au ni ugonjwa?

Hapa ndipo wanamichezo wengi wanapopotea. Baada ya kukimbia umbali mrefu, mtu mzima wa afya anaweza kukojoa mkojo wenye damu, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku 3 akipumzika. Kocha analijua hilo, wachezaji wenzako wanalijua, kwa hiyo damu ya kichocho inapotokea miezi michache baada ya kambi, kila mtu anasema ni mazoezi. Ikiwa damu inarudi, inatoka hata siku usizokimbia, au inakuja mwishoni mwa kukojoa pamoja na maumivu, nenda ukapimwe. Kichocho kilichoachwa kwa miaka huharibu kibofu na figo na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake huathiri pia via vya uzazi, na vidonda vyake mara nyingi hudhaniwa kuwa magonjwa ya zinaa.

Mara chache mayai hufika kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1992 vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakijitolea nchini Malawi walipata kichocho cha mfumo wa fahamu baada ya kuogelea ziwani Cape Maclear, mahali palipopendwa na watalii. Kwa hiyo miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukikataa kutoka, usiseme ni uchovu wa baiskeli. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Homa ya mgunda

Ugonjwa wa pili unatokana na bakteria wanaoitwa leptospira, wanaotoka kwenye mkojo wa panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa. Mvua inapousomba mkojo huo hadi ziwani, bakteria huingia kupitia michubuko, macho, pua na mdomo. Wengi wetu tulilisikia jina la homa ya mgunda Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ndiyo iliyowaua watu 3 kati ya wagonjwa 20 mkoani Lindi.

Miaka mingi kabla ya hapo, Juni 1998, wanatriathloni waliogelea Ziwa Springfield, Illinois, Marekani, baada ya mvua kubwa. Kati ya wanamichezo 834 waliohojiwa baadaye, 98 walikuwa wameugua, na waliomeza maji ya ziwa ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi. Kwa anayeogelea kwa mashindano, kumeza maji kidogo ni jambo la kawaida. Basi mvua kubwa ikinyesha, ahirisheni kuogelea hata kama ratiba ya kocha itavurugika. Mwenye mchubuko wa baiskeli abaki nchi kavu.

Dalili huanza kati ya siku 2 na 30: homa ya ghafla, kichwa, maumivu makali ya misuli hasa ndama za miguu, macho mekundu. Ni rahisi kuidhania malaria. Kipimo cha malaria kikionyesha huna, usirudi nyumbani kimya. Mwambie mhudumu, "Niliogelea ziwani wiki mbili zilizopita." Antibayotiki husaidia zikianzwa mapema. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukipungua, hiyo ni dharura.

Je, mbaki Pangani?

Kwa magonjwa haya mawili, ndiyo, bahari ni salama zaidi. Konokono wa kichocho hawaishi baharini na leptospira hawadumu kwenye chumvi. Mto wenyewe ni habari nyingine. Maji yanayopita chini ya pantoni ya Bweni yametoka mbali, mengine yakipitia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na mtoni kuna mamba. Kwenye mlango wa mto, maji yakipwa mkondo unaweza kukuvuta hadi nje. Ogeleeni ufukweni mbali na mlango huo, na mtumbwi uwe karibu.

Kama mlishaogelea ziwani

Nendeni kupima kichocho miezi 2 hadi 3 baadaye, hata bila dalili. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa lakini si michanga, kwa hiyo kuinywa siku ya kuvunja kambi hakutoshi. Kipimo cha mkojo kichukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Ukipenda, kimbia kidogo kabla ya kutoa mkojo, kwani mazoezi husaidia mayai kutoka.