Mchizi Anayekuchagulia

Oya, tuongee ukweli. Kitaa cha Bariadi siku hizi mtu mwenye jina siyo lazima awe msanii, wala mwenye Noah ya kupiga ruti ya Lamadi. Kuna wana hawajawahi kurekodi wimbo, kamera hawana, habari hawajawahi kuandika hata mstari mmoja, lakini stetasi zao zikipanda asubuhi nusu ya Somanda inajua leo kuna nini mjini. Kazi yao ni kuchagua. Wanazama mtandaoni usiku wa manane bando likiwa la bei chee, wanapita klipu buku, wanatoka na kumi. Hizo kumi ndizo utakazoangalia wewe ukiwa kijiweni unasubiri abiria.

Washua wanasema hiyo siyo kazi, huyo anaokota tu vya watu. Sawa, anaokota. Jaribu wewe uone. Shida ya kijana wa Bariadi zamani ilikuwa kukosa cha kuangalia. Sasa hivi vipo vingi kuliko bando. Ukiwa na bando la jero huwezi kuzurura TikTok kama mtoto wa Masaki mwenye waifai ya baba. Unataka mwana akwambie angalia hii na hii, zingine kausha, ni makelele. Mitandao nayo ina mashine yake ya kuchagua, ila ile mashine haijui kwamba leo ni mnada, kwamba mvua imepiga Itilima jana, kwamba dogo wa jirani kapangiwa chuo. Mchizi wa kitaa anajua yote hayo.

Na hii gemu haikuanza na TikTok. Kabla simu za kupangusa hazijamwagika, kila senta yenye umeme au sola ilikuwa na kibanda chenye kompyuta moja ya mezani, spika mbili na jamaa mmoja mkali. Vingine vipo mpaka leo, nenda siku ya mnada utavikuta vinapiga kazi. Unafika na kitochi chako, unachomoa betri, unatoa memori kadi, unamkabidhi. Jamaa mkali hakuulizi unataka wimbo gani. Anakusoma kwanza. Mzee ametoka vijijini na baiskeli, kofia pana, anaongea Kisukuma tupu: huyo anawekewa Bhudagala na nyimbo za ngoma, halafu kwaya mbili tatu za kumfurahisha mama nyumbani. Dogo wa bodaboda anapewa singeli na Bongo Fleva za wiki hii. Mwalimu kahamia juzi, anaonekana amechoka na maisha: anapewa zilipendwa, za kina Marijani Rajabu na Mbaraka Mwinshehe, mwenyewe atashukuru akifika geto.

Halafu angalia kioo cha kompyuta yake. Folda zimepangwa kwa majina aliyoyatunga mwenyewe: MPYA MPYA, ZA SAFARI, KISUKUMA KALI, MAPENZI YAMENICHOSHA. Hiyo ya mwisho usiicheke. Spotify wanalipa watu wazima na digrii zao wapange nyimbo kwa hisia za msikilizaji, na huku Tanzania wameingia rasmi mwaka 2021. Jamaa wa kibanda alishafanya hivyo kitambo sana, na kibodi yake ina herufi zilizofutika.

Kwenye muvi ikawa hivyo hivyo. Watu walijaa banda umiza kwa sababu ya Lufufu na DJ Mack, wale wa kutafsiri muvi za Kichina na Kihindi kwa Kiswahili. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Tunawasifia midomo yao, lakini ukifikiria vizuri, nusu ya ukali wao ni kuchagua. Muvi ni nyingi, mwamba anaamua ipi inafaa kuletwa kwenye benchi la mbao, kipande gani akisemee kwa kirefu na kipi akipitie juu juu. Ukishamwamini, hata muvi hujawahi kuisikia unaingia tu. Sauti yake ndiyo tiketi.

Upande wa habari, sisi wengi hatukukua tukinunua gazeti. Tulisomewa. Asubuhi mama anakoka moto, redio inapitia vichwa vya habari, na mtangazaji ndiye anayeamua kipi akikazie na kipi akipige chenga. Power Breakfast ya Clouds FM ilifanya magazeti yawe burudani, watu wanacheka huku wanapiga mswaki. Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alifungua blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, na kwa miaka mingi ukitaka kujua nani kazikwa, nani kaoa, nani kaapishwa, unaingia kwake. Baadaye akaja Millard Ayo. Akatoka na kipindi cha Amplifaya pale Clouds, akahamia mtandaoni, na moja ya vitu vilivyomfanya awe mkate wa kila siku ni kupiga picha kurasa za mbele za magazeti na kuzipandisha kila alfajiri. Hakuandika hata moja kati ya hizo habari. Alizileta mahali pamoja, kwa wakati, kila siku, bila kuzingua. Kitu kidogo hicho kimewashinda wengi.

Kwa wenzetu ni mambo ya zamani zaidi. Reader's Digest ya Marekani ilianza 1922 kwa kuchukua makala za magazeti mengine, kuzifupisha na kuzifunga kijarida kimoja cha mfukoni. Likawa gazeti la dunia nzima. Basi dogo wa Sima anayefupisha taarifa ya habari kwenye stetasi tano asijione mnyonge.

Sasa hizo stetasi zenyewe. WhatsApp imetengeneza utaratibu wa ajabu: stetasi yako inaonwa na mtu uliyemsevu na yeye akakusevu, na baada ya saa 24 imekufa. Ndiyo maana kila kona ya Bariadi utasikia "nisevu nikusevu". Mwenye vyuu mia tano siyo mtu wa kawaida, ana mia tano ya watu waliokubali kumwekea jina kwenye simu zao, na wengi wamemwekea jina la kazi: "Jamaa Matokeo", "Muvi Kidinda", "Admini Ajira". Fundi simu anamlipa amrushie tangazo, dada wa keki naye, muuza mtumba naye. Bei ni maelewano, ushahidi ni skrinishoti ya kile kijicho chenye namba. Siku matokeo ya kidato cha nne yanatoka, huyo mtu halali. Anashusha faili la shule moja moja, anakata ukurasa, anazungushia duara jekundu division wani, anarusha. Mzazi wa Nkololo ambaye hajui tovuti ya Baraza la Mitihani iko wapi anaona matokeo ya mwanae kabla ya jirani.

Lakini kinachonifanya niandike haya ni pamba.

Simiyu ndiyo mkoa wa pamba, hilo halina ubishi. Tangu tukatwe kutoka Shinyanga mwaka 2012 tumekuwa tunavuna kuliko mikoa mingine. Msimu wa kununua ukikaribia kufunguliwa, Bodi ya Pamba inatangaza bei elekezi, na hapo ndipo simu zinawaka. Mtu mmoja anarusha skrinishoti ya bei. Mwingine anairusha mbele. Jioni wazee wanaijadili kijiweni, na kesho yake mtu anaenda AMCOS, chama chao cha ushirika, na kifua mbele anadai hela hiyo. Kumbe ile karatasi ni ya misimu miwili nyuma, tarehe ilikatwa ili picha ikae vizuri kwenye kioo. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Kuna mtu tu alipokea, hakuangalia, akarusha. Mkulima anakosana na mnunuzi, anazuia mzigo ndani akisubiri bei ya kwenye simu, mvua inamkuta.

Mama zetu wakikaa chini na mzigo wa pamba hawafanyi mchezo: safi huku, fifi kule, kidole kimoja kimoja, kwa sababu fifi kidogo ikiingia kwenye robota inashusha thamani ya lote. Admini wa grupu la watu mia nane hachambui hivyo. WhatsApp iliruhusu magrupu ya watu 1,024 mwaka 2022, yaani kijiji kizima kwenye simu moja, na anayesimamia ni mtu aliyepewa uadmini kwa sababu ndiye aliyeanzisha grupu la harusi ya binamu yake.

Wapo wanaochambua kitaalamu. JamiiForums ya kina Maxence Melo ina JamiiCheck, Nukta Africa wana NuktaFakti, wanachukua tetesi wanaifuatilia mpaka mzizi. Shida ni kwamba kazi yao inafika Bariadi imechelewa, na uongo ulishakunywa chai ukaondoka. Tangu mtandao wa X ufungwe nchini Mei 2025, imekuwa ngumu zaidi: asiye na njia ya kuingia anaona skrinishoti tu, hawezi kwenda kuhakiki kama ile posti ipo kweli au mtu kaitengeneza geto kwake. Anayechagua amepata nguvu maradufu, na wengi wao hata hawajui kama wanayo.

Serikali nayo iliiona hii nguvu mapema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka maombi ya leseni laki moja, leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini ile picha ya kwanza haikutoka vichwani: dogo wa Bariadi akasikia milioni, akaamua kubaki zake kwenye stetasi na magrupu. Na hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kwa taarifa ya uongo inataja faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Wana wengi wanarusha vitu kila siku bila kujua hilo. Mjue sasa.

Kitu kingine kinachonichoma. Anayechagua ndiye anayeamua nchi ituone vipi. Kuna miaka tulipata bahati, Nane Nane ya Nyakabindi kuanzia 2018 mpaka 2020, watu wakaja, wakaona chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, Simiyu ikawa kwenye taarifa ya habari kwa mambo mema. Siku zingine, kurasa za mjini zikitutaka, zinataka chatu. Ngoma ya Kisukuma inapigwa mchana kutwa, makundi ya Bagika na Bagalu yanashindana, kuna mtunzi ambaye mistari yake ingewatoa jasho marapa wa Dar, lakini kinachokatwa ni sekunde kumi na tano za mcheza ngoma na nyoka shingoni. Maelezo chini: "Wasukuma noma!" Vicheko laki moja. Mtunzi hakutajwa, kijiji hakikutajwa, wimbo umefutwa umewekewa singeli juu.

Dawa yake naiona kwa wana wa huku huku wanaopandisha ngoma za Kisukuma YouTube nzima nzima, wimbo wa dakika kumi unabaki dakika kumi, jina la msanii juu, studio chini. Hawana mbwembwe za kuhariri. Lakini Msukuma aliyeko Muscat anafanya kazi za watu, au aliyepo Mererani kwenye mashimo, anaingia anasikia kwao kulivyo, bila mtu kumkatia vipande. Huo ndio uchaguzi ninaouheshimu. Wale wa kukata jina la mwenye video kwa chini ili waweke lao, hapana. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA wanaoisimamia wapo, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia wamefika kwenye vibanda vya memori kadi. Waimbaji wetu wamesikilizwa mkoa mzima kwa miaka, kutoka kadi hadi kadi, na mwenye kibanda ndiye aliyekula. Kumlinda msanii kwa kuanzia ni bure kabisa: taja jina lake. Mtu akimpenda atamtafuta, atampigia, atampeleka kwenye harusi yake na kumlipa.

Kwa hiyo, mwanangu unayesoma hii ukiwa na namba za watu mia nne kwenye simu. Una redio mkononi, hata kama hukuomba. Skrinishoti ikija bila tarehe, usiirushe. Bei ya pamba ikija, ulizia AMCOS ya kwenu au afisa ushirika kwanza, dakika mbili tu. Klipu ya mtu ukiichukua, acha jina lake pale alipoliweka. Ukirusha uongo, rudi uombe radhi hapo hapo kwenye stetasi, siyo inboksi kwa mmoja mmoja. Na wewe unayeangalia tu, pitia majina uliyoyasevu leo: anayetaja alikotoa, mbakishe, asiyetaja, futa namba, bando ni lako.