Gari ni Amana, Si Fahari

Mji wa Babati umekaa njia panda. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo wakoloni waliikusudia iunganishe Cape na Kairo, inapita katikati yake. Tangu mwaka 2002 mji huu ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, na mwaka 2018 ilizinduliwa rasmi barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, yenye urefu wa kilometa 251. Safari ambayo zamani, wakati wa masika, ilikuwa ya kusukuma gari katika tope na kulala njiani, sasa ni ya saa chache. Hayo ni maendeleo, na wananchi wana haki ya kuyafurahia.

Lakini kila neema huja na wajibu wake. Lami imeleta hamu ya magari, na baada ya mavuno utamwona ndugu yetu mkulima wa mahindi na mbaazi, au wa mpunga wa Magugu, ametia fedha mfukoni anamtafuta dalali. Hatusemi ni vibaya mkulima kuwa na gari. Zamani gari lilikuwa la mkoloni, kisha likawa la mkubwa, na wananchi wakawatungia wakubwa hao jina la Wabenzi. Leo linapofika mikononi mwa mkulima hilo ni jambo la heri. Linalotusikitisha ni kuona jasho la misimu miwili au mitatu likimalizikia katika chuma kibovu kilichoegeshwa chini ya mti, au, vibaya zaidi, likimalizikia makaburini.

Basi swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "Gari gani linapendeza?" bali "Gari hili litanifanyia kazi gani, katika njia ipi?" Gari dogo la chini linalofaa mjini halitadumu katika njia za mawe za kupanda Bashnet. Na gari kubwa lenye injini ya kunywa mafuta, kwa mtu ambaye safari zake ni kutoka nyumbani hadi sokoni, ni israfu tupu.

Swali la pili ni la hesabu. Bei ya kununulia ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni gharama za kila mwezi: mafuta, matairi, bima, vipuri na fundi. Anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani akumbuke kwamba bei aliyoiona huko siyo bei ya Babati. Kuna nauli ya meli, gharama za bandari, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Na gari lililozeeka hutozwa ushuru zaidi kwa sababu ya umri wake. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo cha kodi hizo katika mtandao wake. Anayelipa kwanza na kukokotoa baadaye hujikuta gari lake limekaa bandarini, na gharama za kulihifadhi zinaongezeka kila siku.

Aidha, asikope mtu gari kwa kutegemea bei ya mazao ambayo hayajauzwa. Wana Babati hawana haja ya kukumbushwa mwaka 2017, India ilipoweka mipaka ya kuingiza mbaazi na bei ikaanguka. Mwenye mbaazi ghalani aliumia. Mwenye mbaazi ghalani na deni shingoni ana maumivu mawili, kwa maana mkopeshaji hangoji soko lipone.

Unapokwenda kulitazama gari, nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali. Lione asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla halijawashwa na mtu mwingine. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inaunguza oili. Moshi mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto ni dalili kwamba maji yanaingia mahali pasipo pake. Na ukifungua kifuniko cha oili ukaikuta imekuwa kama chai ya maziwa, funika, aga, uende zako. Usiiamini saa ya kilometa peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Tazama kanyagio la breki, usukani na kiti cha dereva: gari linalodaiwa kutembea kidogo haliwezi kuwa na kanyagio lililolika hadi chuma.

Matairi nayo yana umri, hata yakiwa na kashata nzuri. Ubavuni mwa tairi zimo tarakimu nne: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2315 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2015. Mpira uliozeeka hupasuka kwa joto la lami, na tairi la mbele likipasuka katika mwendo mkali dereva hana muda wa kufikiri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Linganisha namba ya chesisi na ya injini iliyo katika gari na zile zilizo katika kadi. Hakikisha aliyetajwa katika kadi ndiye anayekuuzia. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, kisha badilisheni umiliki Mamlaka ya Mapato bila kuchelewa, maana gari lililobaki kwa jina la mwingine ni ugomvi uliowekwa akiba. Ulizia pia kama gari lina faini za barabarani zisizolipwa. Na stika ya bima ihakikiwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa sababu siku ya ajali stika ya bandia haimlipi mtu.

Gari limepatikana, sasa linaingia barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Wapo wanaodhani hiyo ni njama ya trafiki ya kuwasumbua. Wafanye hesabu hii: gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mtoto akikatiza njia pale Magugu au Bonga, dereva akachelewa sekunde moja tu kugusa breki, mita 22 zimekwisha kupita kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Sheria ya maumbile haina faini wala rufaa.

Njia zetu zina hatari zake. Katika miteremko ya Bereku na Kolo, na katika ukuta wa Bonde la Ufa huko Dareda, dereva ashuke kwa gia nzito, asining'inie katika breki mpaka ziungue. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, wanyama pori huvuka barabara, na usiku mnyama huonekana wakati umbali umekwisha. Nani amesahau Mei 6, 2017 huko Karatu, basi dogo la wanafunzi lilipotumbukia korongoni na kuwaua watoto 32, walimu wawili na dereva? Wala ajali haitazami cheo. Aprili 12, 1984 Taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine katika ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Lawama zote hutupiwa dereva na kijana wa bodaboda, na mwenye chombo husahauliwa. Tajiri anayedai hesabu kubwa kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo, ndiye anayekanyaga mafuta kwa mguu wa mwenzake. Anayeambiwa breki zimekwisha akajibu "malizia wiki hii kwanza" ameuza roho za watu kwa bei ya pedi za breki. Huo ni unyonyaji, na unyonyaji haugeuki kuwa biashara halali kwa kuwa umefungwa magurudumu. Hesabu ipangwe kwa haki, dereva apate usingizi, na kijana wa bodaboda apewe kofia ngumu mbili, yake na ya abiria wake, na wote wawili wazivae.

Abiria naye asijifanye mzigo. Aliyelipa nauli ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na ana haki ya kukataa kupakiwa wanne katika kiti cha watatu. Kukaa kimya kwa kuona haya si adabu; ni kushiriki katika kosa.

Ndugu wananchi, barabara tumeipata kwa fedha ya umma na kwa kusubiri miaka mingi. Isiwe njia ya kutupeleka haraka hospitali. Kila anayeshika usukani amepewa amana ya watu walio ndani ya gari na walio nje yake, na amana hurudishwa kwa wenyewe ikiwa kamili.