"Wa" iliyomezwa: mtoto ndani ya maneno ya Kinorwei

Maneno mawili yameandikwa moja juu ya jingine kwenye daftari la mkalimani: barnelege, barnesoldat. Yameundwa kwa namna ileile. Mbele kuna barn, yaani mtoto. Katikati kuna irabu e, ambayo kazi yake ni kuunga tu. Mwisho kuna lege, daktari, au soldat, askari. Aliyelijua la kwanza angedhani la pili amelipata bure: barnelege ni daktari wa watoto, basi barnesoldat ni askari wa watoto, labda yule anayewavusha barabara asubuhi wakienda shule. Sivyo. Barnesoldat ni askari ambaye yeye mwenyewe ni mtoto.

Mkalimani huyo nilimtafuta kwa makala nyingine, kuhusu Wakongo waliopelekwa Norwei kutoka makambi ya wakimbizi ya Maziwa Makuu. Hiyo itapata siku yake. Mistari miwili ya daftari ndiyo iliyonikaa kichwani, nikarudi kwake kuuliza hiyo tu. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Uvira, anayefasiri Kiswahili na Kinorwei hospitalini, shuleni na kwenye ofisi za ustawi. Jina lake silitaji kwa sababu kazi yake inamfunga kutunza siri, naye anaitunza hata pale ambapo mimi sikuona siri yoyote.

"Ndugu yangu," aliniambia, "hawa watu wamemeza ile 'ya'."

Kwao Kivu watasema munganga ya batoto. Sisi wa Kiswahili cha shule tutasema daktari wa watoto. Iwe ya, iwe wa, pana kitu kimesimama kati ya majina mawili na kuyashikanisha. Kinorwei kinayabana majina hayo yawe neno moja, halafu kinamwachia msikilizaji aamue mwenyewe yanahusianaje. A-unganifu yetu nayo haisemi kila kitu, kwa kweli. Picha ya mtoto yaweza kuwa picha aliyopigwa au aliyoichora. Lakini walau hatungeweza kuwaweka daktari na askari wale wawili katika umbo moja bila mtu kushtuka.

Akaanza kunipitisha kwenye ukurasa wake, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lenyewe. Barnemat ni chakula cha mtoto mchanga, anayekula ni mtoto. Barnearbeid ni kazi inayofanywa na mtoto, na kwa kawaida neno hilo linatajwa kwa masikitiko. Barnesykdom ni ugonjwa unaowapata watoto. Barnebidrag ni fedha za matunzo ambazo mzazi asiyeishi na mtoto anazilipa. Barnebarn, mtoto na mtoto, ni mjukuu. Barnetog ni maandamano ya watoto ya tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba, yaliyoanza jijini Oslo mwaka 1870, enzi hizo mji ukiitwa Christiania, kwa juhudi za mwandishi Bjørnstjerne Bjørnson. Wasichana waliruhusiwa kujiunga mwaka 1889. Barneombud ni mtetezi wa watoto anayelipwa na serikali, cheo ambacho Norwei ilikianzisha mwaka 1981 kabla ya nchi nyingine yoyote. Katika maneno yote haya mtoto amekaa mahali palepale, mbele, akiwa na e yake ileile. Mara anakula, mara anafanya kazi, mara anaugua, mara anatetewa. Umbo la neno halisemi.

Kinachosemwa na umbo ni jambo moja tu, nalo linakwenda kinyume na masikio yetu: kichwa cha neno kiko mkiani. Skolebarn ni mtoto, mtoto anayesoma shule. Geuza vipande, barneskole, na sasa ni shule, ile ya darasa la kwanza hadi la saba. Kipande cha mwisho ndicho kinachobeba pia ngeli ya neno zima. Kwa hiyo mtoto wa shule hufuata ngeli ya mtoto na shule ya watoto hufuata ngeli ya shule, hata kama herufi zilizomo karibu ni zilezile. Mama huyu anasema wanafunzi wapya kutoka kwetu huanza kusoma neno kutoka kushoto na kushika kile wanachokutana nacho kwanza. Wanasikia barn, wanajiandaa kusikia habari za mtoto, kumbe mazungumzo ni ya jengo.

Tena kuna mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatuwezi kujizuia, kwa hiyo barnehage, yaani chekechea, vinywani mwetu inakuwa barneHAge. Mnorwei hukaza mwanzoni, BARnehage, na sauti hiyo moja ndiyo inayomwambia kwamba anasikia neno moja, si mawili yaliyofuatana. Kwenye maandishi kazi hiyo hufanywa na kuandika pamoja. Røykfritt kwenye mlango maana yake hapa hakuna kuvuta sigara. Ukiweka nafasi katikati, røyk fritt, umemwambia mgeni avute kwa uhuru wake.

Nikamuuliza kuhusu herufi s, kwa sababu niliiona ikichomoza katikati ya baadhi ya maneno bila mpangilio niliouelewa. Alifurahi. Glasi ya mvinyo ni vinglass, haina s. Glasi ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass, ina s. Mvinyo ni uleule, lakini neno likishakuwa na vipande viwili na linataka cha tatu, s mara nyingi huingia kuonyesha kiungo kikuu kiko wapi: mvinyo mwekundu kwanza umefungwa, ndipo glasi inapoongezwa. Bila alama hiyo mtu angeweza kuwaza glasi ya mvinyo iliyo nyekundu. Si kanuni isiyovunjwa, wala Wanorwei wenyewe hawakubaliani nayo kila mahali. Sheria yao ya ulinzi wa watoto ya mwaka 1992 iliitwa barnevernloven. Ile iliyochukua nafasi yake, iliyopitishwa mwaka 2021 na kuanza kutumika Januari 2023, inaitwa barnevernsloven. Bunge la nchi lilipitisha s, na mkalimani akasahihisha daftari lake. Mimi naona ni jambo la kuheshimika, taifa linaloshughulikia kiungo cha neno kwa uzito huo.

Mtoto akihamia mkiani, fumbo haliishi. Krig ni vita. Krigsbarn ni mtoto wa vita. Kwa Mnorwei huyo ni mtoto aliyezaliwa na mama wa Kinorwei na baba askari wa Kijerumani, wakati nchi ilipokaliwa kati ya 1940 na 1945. Wanakadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 12,000. Wengi walikua wakitengwa na kudharauliwa, na katika hotuba ya mwaka mpya wa 2000 Waziri Mkuu Kjell Magne Bondevik aliwaomba radhi. Vuka mpaka uingie Sweden, na krigsbarn, kwa herufi zilezile, ni watoto wa Kifini wapatao 70,000 waliopelekwa huko kuepushwa na vita hiyohiyo. Majina mawili yaliyobanwa pamoja yalikuwa na nafasi ya kutosha kwa historia zote mbili, na kila nchi ikajaza ya kwake.

Hapo mama akanirudisha kwenye barnesoldat. Alitaka nisikie tatizo la upande wetu pia. Askari tunamwita mwanajeshi, akasema, nani anamsikia mwana ndani yake? Nilinyamaza, maana ni kweli. Mwanafunzi, mwanasheria, mwanasiasa, mwanajeshi: maneno tunayoyatumia kutwa, yote yamejengwa juu ya mwana, yote yamemeza a-unganifu, na mwana huyo amekwisha kuwa mtu wa kundi fulani tu, awe na miaka ishirini au sabini. Tofauti ni kwamba kwetu kichwa kimekaa kushoto. Kwa hiyo akitaka kufasiri barnesoldat kwa ukamilifu hujikuta akisema mwanajeshi mtoto, na kama ukisikiliza kwa makini mtoto ametajwa mara mbili, na ile mara ya kwanza haihesabiki.

Watu wa kwao hawahitaji lolote kati ya hayo. Watasema kadogo. Ndilo jina walilopewa watoto waliobebeshwa bunduki katika vita ya 1996 na 1997 iliyomfikisha Laurent-Désiré Kabila Kinshasa. Ndani ya kadogo hamna jeshi wala bunduki, kuna udogo peke yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hukumu yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Thomas Lubanga, kosa lilikuwa hilohilo, kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani kule Ituri. Mkalimani akikaa na kijana aliyepitia hayo, na mwanasaikolojia wa Kinorwei akitamka barnesoldat, achague lipi? Kadogo ndilo neno la kijana. Lakini kadogo linabeba pia nyimbo, makamanda na majina ya mitaa, vitu ambavyo mwanasaikolojia hakuvitamka. Na mkalimani haruhusiwi kuongeza.

Sheria ya ukalimani ya Norwei, inayotumika tangu 2022, inazitaka ofisi za umma zitumie wakalimani wenye sifa, na inakataza mtoto kutumiwa kuwa mkalimani isipokuwa katika mazingira ya dharura na mengine machache. Nilimwomba aniundie neno la mtoto kama huyo. Akaandika barnetolk, akaliangalia, akasema hata yeye ni barnetolk siku anapofasiri mazungumzo ya watoto. Hakulifuta.

Neno linalomsumbua kuliko yote ni barnevern, idara ya ulinzi wa watoto. Vern ni ulinzi. Naturvern ni kulinda mazingira ya asili. Brannvern ni kujilinda na moto. Kwa hiyo kipande cha mbele chaweza kuwa kinacholindwa au kinachozuiwa, na Mnorwei hata hafikirii, anajua. Wazazi wengi wahamiaji hulijua neno hili kabla ya kujua salamu, na hulitamka kwa hofu, maana idara hiyo ina mamlaka ya kumwondoa mtoto nyumbani. Hofu hiyo si ya kubuni tu: mwaka 2019 Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Strand Lobben, liliona Norwei imekiuka haki ya maisha ya familia. Wala idara haipo bure, anasema mama. Wapo watoto wanaohitaji mtu wa kuingia kati.

Akisema "ulinzi wa watoto", ile wa inatangaza kwamba anayelindwa ni mtoto, lakini haisemi analindwa na nani, na mzazi aliyeketi mbele yake anataka kujua hilo hasa. Akisema "ustawi wa jamii", mzazi anapumua, maana kwao ofisi hiyo ni ya kugawa misaada, na atakuwa amepumzishwa kwa uongo. Akiacha barnevern kama lilivyo, mzazi anasikia kila alichosimuliwa kambini na kwenye simu. Wakalimani wenzake wamegawanyika. Yeye siku hizi huliacha kama lilivyo, kisha husubiri ofisa aulizwe maana yake, ili maelezo yatoke kinywani mwa mwenye mamlaka. Kuna siku hakuna anayeuliza.