Kuonya na Kupatanisha: Lugha ya Kumaliza Makosa ya Wanafunzi Nje ya Kamati ya Nidhamu

Kanuni za mwenendo za vyuo vikuu vya Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, makosa madogo ya wanafunzi, kama vile ugomvi wa wakazi wa chumba kimoja, kelele za usiku au matusi yaliyotupwa katika foleni ya chakula, aghalabu huzungumzwa kwa Kiswahili kabla ya barua yoyote kuandikwa. Mazungumzo hayo yote huitwa, kwa jina pana mno, usuluhishi usio rasmi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo linachanganya matendo mawili ambayo sarufi ya Kiswahili yenyewe imeyatenga, na kwamba anayeumia kwa mchanganyiko huo ni mwanafunzi.

Kitenzi kuonya kimetokana na ona, kwa njia ileile iliyotoa ponya kutokana na pona. Maana yake ya asili ni kumfanya mtu aone. Anayeonya amekwisha kuona; anayeonywa bado. Umbo hilo halimpi anayeonywa nafasi ya kumwonyesha mwenzake jambo lolote. Kupatanisha ni kitenzi cha namna nyingine. Kutokana na pata hupatikana patana, ambapo kiambishi -an- huleta pande mbili zinazotendeana. Ndipo kauli ya kutendesha huongezwa, na mtu wa tatu akapata kazi. Mpatanishi hawezi kuwa mmoja wa wale wawili. Kuamua, nacho, ni hasa kuwatenga wanaopigana, na maana ya kutoa hukumu imejengwa juu ya hiyo. (Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kuwaamua wenzake uwanjani anaijua maana hiyo bila ya kufundishwa.)

Lumakanda, katika Lugari, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, ni mahali panapofaa kuitazamia tofauti hiyo. Sehemu hizo zilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, kisha zikagawiwa wananchi kwa mpango wa makazi wakati wa uhuru na baada yake. Waliohamia walitoka pande mbalimbali za Uluhya, kila kundi na lahaja yake. Jirani hakuwa lazima ndugu wa ukoo. Kwa hiyo shauri la ng'ombe aliyeingia katika mahindi ya mtu mwingine halikuweza kupelekwa mbele ya wazee wa ukoo mmoja, na upande wa pili ukaridhika. Hapo ndipo ilipopata uzito kazi ya liguru, yaani mzee wa mtaa, na juu yake naibu wa chifu na chifu mwenyewe pamoja na baraza lake. Mlalamikaji husema, mlalamikiwa hujibu, majirani huongeza waliyoyaona, na mahindi yaliyoliwa hukadiriwa mbele ya watu. Liguru anaweza kuonya pia, lakini onyo lake huja mwisho, baada ya pande zote mbili kusikilizwa. Tena nguvu ya maafikiano hayo haimo katika cheo chake. Imo katika ukweli kwamba wagomvi hao wataamka kesho wakiwa bado wanapakana.

Mwanafunzi wa Lumakanda anayekwenda Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, au kile cha Moi katika Uasin Gishu, huchukua matarajio hayo pamoja na sanduku lake. Akiitwa ofisini "tuongee", hudhani kwamba ataulizwa, na kwamba yule aliyemlalamikia atakuwapo. Ikiwa atakutana na afisa mmoja tu aliyekwisha kusoma malalamiko, akaambiwa asirudie, basi ameonywa, hakupatanishwa. Ubaya wake hudhihirika baadaye, onyo hilo likiwa limewekwa katika jalada, na katika shauri la pili likasomwa kuwa ni kosa la kwanza lililothibitishwa. Mazungumzo yamegeuka hukumu bila ya mtu yeyote kuamua. Katika shauri la wanafunzi dhidi ya Chuo Kikuu cha Egerton lililofika Mahakama ya Rufani mwaka 1990, majaji walieleza kwamba mahakama hazitamani kuviendesha vyuo, lakini zitautengua uamuzi uliofikiwa pasipo kumsikiliza mhusika kwa haki. Kamati za nidhamu zinaijua kanuni hiyo. Ofisi za mazungumzo huenda zikaona haizihusu, kwa kuwa zinachofanya "si rasmi".

Hasara ya kuikosa hatua ya upatanisho ilionekana Dar es Salaam mwezi wa Julai 1971. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia Makamu wa Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi ya kuushutumu uongozi. Aliondolewa chuoni na polisi wenye silaha na kurudishwa Kenya, na wanafunzi wakasusia masomo. Aliyeshutumiwa ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya aliyeshutumu. Nafasi ya mtu wa tatu ilikuwa tupu.

Haifai, lakini, kila jambo lipelekwe kwa mpatanishi. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinahimiza upatanisho na njia za kimila, na papo hapo kinazikataza njia hizo zisivunje haki za binadamu. Mhadhiri aliyemtaka mwanafunzi kimwili ili ampe alama hana cha kupatanishwa naye. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtaja mwenye mamlaka anayeitumia nafasi yake hivyo. Kiambishi -an- hudai pande mbili zinazoweza kutendeana, na hapo hazipo.

Dalili moja ya kuitambua hatari hiyo imo katika neno linalofunga vikao vingi: yaishe. Kiambishi ya- husimama badala ya mambo, na mambo hayo huisha yenyewe, bila ya mtenda. Haisemwi ni nani aliyeyamaliza, wala kwa gharama ya nani. Neno hilo lina uzito likitoka katika kinywa cha mwenye mahindi. Likitamkwa kwanza na afisa mwenye jalada mkononi, mwanafunzi aliyekosewa huwa amebakiwa na kuitikia tu.